Nyumba isiyopumua: joto la ndani na afya ya jamaa yako



Ni saa nane mchana, mwisho wa kiangazi. Mama anafika kwenye kituo cha afya akiwa amembeba mtoto wa miezi mitatu. Mtoto ana joto kali, midomo imekauka, na shingoni na kwapani amejaa vipele vidogo vyekundu. Mama anasema, "Ni malaria." Mtoto anapimwa, malaria haionekani. Muuguzi anauliza alikuwa amelazwa wapi. Alikuwa nyumbani, chini ya mabati, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie, amevikwa kofia ya sufi na kufunikwa blanketi. Anavuliwa nguo, anapanguswa kwa kitambaa chenye maji, ananyonyeshwa chini ya mti. Baada ya muda joto linashuka, naye anaanza kutazama watu.

Kila anayefanya kazi katika kituo cha afya anaifahamu habari ya namna hii. Mama huyo hakufanya uzembe. Alimlinda mtoto na baridi, kama alivyofundishwa na mama yake. Kilichomdhuru mtoto ni nyumba yenyewe, nayo nyumba inaweza kurekebishwa.

Baridi nje, tanuri ndani

Mgeni akifika Gihundwe jioni hawezi kuamini kwamba tunazungumzia joto. Tuko juu. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Kamembe uko juu zaidi, karibu mita 1,590. Usiku tunajifunika. Waliotoka Uvira, Luvungi au Kamanyola, kwenye bonde la Ruzizi, husema hapa ni baridi tupu. Ukiteremka Bugarama, ambako mto unakaribia kutoka Rwanda kwenye mita 950, mahali palipo chini kuliko pote nchini, hapo ndipo joto la bonde linapokupokea.

Lakini hali ya hewa ya nje ni jambo moja, na hali ya hewa ya chumbani mwako ni jambo lingine. Gihundwe iko karibu sana na ikweta, digrii mbili na nusu tu upande wa kusini. Maana yake ni kwamba mchana jua linasimama karibu utosini mwaka mzima. Halipigi sana ukuta, linapiga paa. Bati lililopigwa na jua la saa sita linaweza kupita digrii 50, hata kama anayetembea nje anasikia upepo mzuri wa ziwa. Bati hilo halina unene. Linapitisha joto moja kwa moja chini, juu ya kichwa cha aliyelala. Bati lenye kutu ni baya zaidi, maana linameza jua badala ya kulirudisha.

Tena joto halitoki kwa jua peke yake. Mtu mmoja aliyetulia hutoa joto kama taa ya umeme ya wati 70 hadi 100. Mkiwa sita ndani, hesabu mwenyewe taa sita zinazowaka usiku kucha. Ongeza jiko la makaa, mbabula, lililoingizwa ndani kwa sababu ya mvua. Halafu funga mlango, ziba matundu yote kwa matambara, na ukandamize shitingi chini kwa udongo pande zote. Nyumba hiyo imezuia baridi vizuri sana. Imezuia pia joto lisitoke.

Hata walio matajiri walijifunza kwa kuchelewa

Usidhani kosa hili ni la kambi tu. Mwezi Agosti 2003 joto kali liliipiga Ufaransa, na watu karibu 15,000 walikufa. Wengi walikuwa wazee, wengi wakiishi peke yao. Wachunguzi walipotazama nyumba walizofia, waligundua kwamba kulala chumba cha juu kabisa, chini ya paa, kuliongeza hatari. Paa nyingi za mji wa Paris zimefunikwa kwa zinki, ndugu ya mabati yetu.

Huko Uingereza shida ilikuja kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi kanuni za ujenzi zilihimiza nyumba zizibwe vizuri ili mafuta na umeme wa kupasha joto visipotee. Lilikuwa jambo jema. Ila nyumba mpya zilizozibwa hivyo, zenye vioo vikubwa, zilianza kuwachoma wakazi wakati wa kiangazi. Ndipo tarehe 15 Juni 2022 ilipoanza kutumika England sehemu mpya ya kanuni za ujenzi, iitwayo Sehemu O. Inamtaka mjenzi wa makao mapya atimize mambo mawili: apunguze jua linaloingia, na aweke njia ya kutoa joto lililokwisha kuingia. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 19 Julai 2022, joto lilifika digrii 40.3 mahali panapoitwa Coningsby, jambo ambalo halijapata kuonekana katika nchi ile.

Hayo mambo mawili yashike, maana yanatufaa. Tofauti ni hii: kule jua linaingia kwa dirisha la kioo, hapa linaingia kwa paa. Anayeiga kanuni ya wenzetu neno kwa neno atashughulika na madirisha, na paa litaendelea kuchoma.

Rwanda nayo ina kanuni zake. Amri ya waziri ya mwaka 2019 kuhusu upangaji wa miji na ujenzi iliambatana na masharti ya majengo rafiki wa mazingira, ambamo mna habari za kivuli, hewa ya asili na paa lisilomeza jua. Lakini masharti hayo yalitungwa hasa kwa majengo makubwa na ya umma. Hayakumlenga anayekaa kwenye chumba kimoja cha tofali za udongo, sembuse anayekaa chini ya shitingi.

Na lipo jambo jingine ambalo wazee hulisema sana: mbona nyumba za majani zilikuwa na ubaridi mzuri? Ni kweli kabisa. Majani mazito huzuia jua kuliko bati. Lakini Rwanda iliendesha kampeni ya kuondoa nyumba za nyakatsi, iliyofikia kilele mwaka 2010 na 2011, na katika kambi majani ni hatari ya moto: cheche moja huweza kuteketeza mtaa mzima. Kwa hiyo usirudishe majani juu ya paa. Tutafute ubaridi ule ule kwa njia nyingine.

Joto, mbu na chandarua

Hapa ndipo penye uzito, ndugu msomaji, na ukisoma sehemu moja tu ya karatasi hii, soma hii.

Mtu aliyelala kwenye chumba chenye joto huvua chandarua. Anasema kinamkaba, hakipitishi hewa. Au anatoka kulala barazani. Mbu anayeleta malaria hupenda kuuma usiku, hasa watu wamelala. Kwa hiyo joto la nyumba linaleta malaria hata kama chandarua kipo, kizima, kimetundikwa. Wahudumu wa afya wakipita nyumba kwa nyumba wanahesabu vyandarua. Hawawezi kuhesabu vilivyokunjwa saa tano za usiku kwa sababu ya joto.

Jambo hili lilipimwa Tanzania, kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Wataalamu walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, zilizozuiwa mbu kwa wavu, nyingine zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Ndani ya nyumba hizo kulikuwa na ubaridi zaidi ya nyumba za kawaida za pale kwa digrii mbili na kidogo, na mbu walioingia walipungua, hasa katika zile za ghorofa, ambako karibu wote walipotea. Watu wengi hudhani kwamba kuzuia mbu ni kuziba nyumba. Magoda ilionyesha kinyume: nyumba inaweza kuwa wazi kwa hewa na kufungwa kwa mbu, mradi penye uwazi pawe na wavu.

Tufanye nini na nyumba tuliyo nayo?

Kwanza tazama kuta zako, maana dawa si moja kwa nyumba zote.

Kama unakaa ndani ya shitingi au hema, ukuta hauna uzito wowote. Hauhifadhi ubaridi hata kidogo. Basi mchana fungua pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku itoke kule. Mlango mmoja peke yake hautoshi: hewa haipiti mahali pasipo na pa kutokea. Kunja chini ya shitingi upande wenye kivuli. Mtoto asiachwe ndani mchana hata kama amelala usingizi mtamu.

Kama nyumba yako ni ya tofali za udongo, rukarakara, una bahati ambayo wengi hawaijui. Udongo unakumbuka. Ukifungua nyumba jioni na alfajiri, wakati hewa ya Gihundwe ni baridi, kuta zinanywa ubaridi ule. Kuanzia saa nne asubuhi funga dirisha la upande wa jua na ushushe pazia, nazo kuta zitakutunza mpaka alasiri. Watu wengi hufanya kinyume: mchana wanafungua, usiku wanaziba kila tundu.

Ila nyumba zote mbili zinahitaji tundu la juu. Hewa yenye joto hupanda. Kama haina pa kutokea chini ya paa, inakaa pale juu ikikungoja. Katika ukuta wa pembetatu, ule unaoshika ncha ya paa, acha nafasi ya kiganja kimoja kwa viwili kila upande, kisha ifunike kwa wavu wa mbu. Chandarua kizima kisikatwe kwa kazi hii. Tumia kikuukuu ambacho mhudumu wa afya amekubali kwamba hakifai tena kulalia.

Tunajua kwa nini wengi huziba. Mama anayelala peke yake na watoto anaogopa wezi, na anaogopa mambo mabaya kuliko wizi. Hofu hiyo ni ya haki, na hatutamwambia alale dirisha wazi. Ndiyo maana tunasema tundu la juu: mkono wa mtu haulifikii kutoka nje bila ngazi, halionyeshi walio ndani, na linafanya kazi usiku kucha mlango ukiwa na komeo.

Baada ya tundu, dari. Mkeka wa mafunjo au magunia yaliyoshonwa pamoja, yakitandazwa chini ya bati na kuachiwa nafasi ya shubiri moja katikati, hukata joto la paa kwa namna utakayoisikia siku hiyo hiyo. Nafasi hiyo isizibwe, ndiyo inayopitisha hewa kwenda kwenye tundu. Na palipo na dari ya mkeka pasipikwe kabisa, wala mshumaa usiachwe ukiwaka.

Rangi ya juu ina maana pia. Waliokuwa kambini mwaka 1994 wanakumbuka shitingi za buluu za HCR na jasho la ndani yake. Nyeupe hurudisha jua. Ukipewa shitingi ya pili, usiilaze juu ya ya kwanza zikagusana: inyanyue kwa miti, pawe na upepo katikati, iwe kama mwavuli. Bati linaweza kupakwa chokaa, lakini si bati unalokingia maji ya mvua ya kunywa, na muulize kwanza msimamizi wa makao.

Kivuli ni chenyewe. Jua la asubuhi na la alasiri hupiga ukuta wa mashariki na wa magharibi, na wa magharibi ndio unaoumiza, kwa sababu unachomwa saa ambazo nyumba imekwisha kujaa joto. Panda marakuja au maboga yapande juu ya kamba upande huo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua jinsi nyumba itakavyokaa, pande zake ndefu zielekee kaskazini na kusini.

Kuhusu mbabula: usiku wa Gihundwe unamshawishi mtu kulala nayo ndani. Usifanye hivyo, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu tu bila moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika nyumba iliyozibwa watu hulala wasiamke. Pika nje au kwenye jiko la pamoja. Ukisikia baridi ongeza blanketi.

Dalili za hatari

Harara, yaani vile vipele vya joto, havina hatari kubwa. Muogeshe mtoto kwa maji yasiyo moto, mwache na nguo nyepesi, usimpake mafuta mazito.

Mtu mwenye kizunguzungu, kichwa kinachouma, jasho jingi na mishipa inayokaza, mlaze kivulini, mlegeze nguo, mnyweshe maji kidogo kidogo. Kama hakuna pakiti ya chumvichumvi, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi maji wakati wa joto: anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji.

Anayechanganyikiwa, anayesema maneno yasiyoeleweka, anayetapika bila kukoma, aliyepatwa na degedege au aliyezimia huku mwili unawaka, huyo yuko katika hatari ya kufa. Mmwagie maji mwili mzima sasa hivi, mpepee, na mtume mtu kuita msaada wakati mnaendelea kummwagia. Usimnyweshe kitu mtu aliyezimia. Mpelekeni kituo cha afya bila kungoja jua lipungue.

Na tena: homa yoyote ipimwe. Tumeanza na mtoto ambaye hakuwa na malaria, lakini hakuna awezaye kujua hilo kwa kumgusa paji la uso. Kumpoza ni kazi yako wewe, kupima ni kazi ya kituo. Yote mawili yafanyike.

Wazee, wajawazito, wenye shinikizo la damu wanaotumia dawa za kukojoza, na wagonjwa wa akili wanaotumia dawa kila siku, hao joto huwashika mapema. Mpitie jirani yako mzee saa nane, muulize amekunywa maji mara ngapi. Mwenye kisukari asiweke insulini yake karibu na bati: chungu cha udongo, kilichowekwa ndani ya beseni lenye mchanga uliolowa na kufunikwa kitambaa kibichi, huitunza vizuri mahali pasipo na friji.

Unayoweza kuyadai

Kuna kipimo kinachokubaliwa na mashirika ya misaada duniani, kiitwacho Sphere. Kazi yake ilianza mwaka 1997, na toleo la 2018 ndilo linalotumika. Linasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Kwa hiyo jamaa ya watu sita wanahitaji mita za mraba 21. Linasema ndani, mahali palipo juu kuliko pote, pafike angalau mita 2, na katika nchi za joto mita 2.6. Kati ya makao na makao pawe na mita 2 au zaidi, kwa ajili ya moto, na nafasi hiyo ndiyo inayopitisha upepo pia.

Huenda utapima ukakuta haifiki. Mara nyingi haifiki, na mwenye kujenga kwa haraka huhesabu idadi ya paa, si hewa iliyo chini yake. Kipimo hiki si sheria ambayo unaweza kumshitakia mtu, lakini ni neno ambalo mhandisi wa makao analifahamu, naye hatashangaa ukilitaja. Serikali, kupitia wizara ya MINEMA, na HCR ndio wanaopanga makao ya kambi. Wewe njia yako ni kamati ya mtaa.

Njia hiyo ni bora itumike mapema. Ukuta ukiwa bado unajengwa, tundu la juu ni suala la kuacha tofali mbili. Ukuta ukishakauka na bati kupigiliwa, linakuwa ombi, fomu na kungoja. Waliopokelewa Nyagatare au Nyarushishi na sasa wanasubiri kupelekwa Mahama, kule Kirehe upande wa mto Akagera, wajue kwamba kule ni chini na kuna joto kuliko hapa milimani. Ukifika ukaonyeshwa nyumba, kabla hujaingiza mizigo, simama katikati ya chumba uangalie juu. Kama huoni mwanga chini ya ncha ya paa, mwambie mjumbe wa mtaa siku hiyo hiyo, na ulale kwenye chandarua.